Rangi ya Jani la Mkonge Ukutani
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika likizo ya mwezi wa Juni nalifanya kazi moja nyumbani kwetu, karibu na Muheza, ambayo ilinifahamisha mambo ya nuru niliyokuwa nimeyaandika tu daftarini katika chumba cha Fizikia. Kazi yenyewe ilikuwa kupaka rangi sebule ya mama. Huenda wenzangu watacheka, lakini naomba wangoje kidogo.

Dada yangu alikuwa ameposwa, na wageni wa kuleta mahari walikuwa waje baada ya siku kumi. Mama alikuwa amepokea zamu yake ya upatu, akatoa humo fedha za rangi ya maji. Hesabu nalifanya mwenyewe: chumba kina mita 4 kwa 3 na nusu, na urefu wa kuta ni karibu mita 2.7, ukitoa mlango na madirisha zabaki mita za mraba 36 hivi. Lita moja hupaka kadiri ya mita 10 za mraba, na kuta hutaka mikono miwili. Basi makopo mawili ya lita 4 yangetosha, na fedha ya kopo la tatu haikuwako.

Mama alitaka rangi iliyotulia, iliyo kati ya kijani na kijivu. "Kama jani changa la mkonge," alisema. Sisi watu wa Tanga tunaijua rangi hiyo tangu utoto, kwa maana mkonge umekuwa kwetu tangu 1893, ulipoletwa na Dakta Richard Hindorf. Jani lake lina utando kama nta; ndio unaofanya kijani chake kififie.

Dukani nalionyeshwa kadi yenye vipande vya rangi, kila kimoja sawa na kiberiti. Nalichagua upesi, nikalipa. Siku ya pili nikapaka ukuta mmoja mzima. Mama aliporudi alisimama mlangoni, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mbona umenihamishia wodini?" Kweli, ukuta ulikuwa kijani kibichi cha hospitali. Usiku, chini ya taa nyeupe, ulizidi kuwa wa baridi. Na rangi iliyokwisha kuchanganywa hairudishwi dukani.

Asubuhi alikuja mjomba, ambaye ni fundi rangi. Hakuutazama ukuta. Alitazama sakafu, kisha dirisha. "Mjomba," akaniambia, "ulipokuwa ukichagua, sakafu hii ilikuwa wapi?"

Sakafu yetu ni ya saruji nyekundu. Jambo alilolijua mjomba kwa mazoea liliandikwa kitabuni mwaka 1839 na mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi zao nyeusi zimepauka. Alipozichunguza aliona nyuzi hazina kosa. Zilizoharibu ni rangi za jirani. Jicho likiona rangi mbili pamoja huzidisha tofauti yake, na kando ya nyekundu hata kijivu huelekea kijani. Rangi kali, kama ile ya bendera, haibadiliki sana. Lakini rangi iliyofifia hurudisha nuru za kila aina karibu sawasawa, kwa hiyo jambo dogo tu huivuta upande huu au huu. Ndiyo maana haifai kuichagua kwanza. Huchaguliwa baada ya kujua sakafu, mbao na nuru ya chumba.

Tena kulikuwa na mwembe mbele ya dirisha, na nuru ipitayo katika majani huingia ikiwa ya kijani. Tena ukuta ni mkubwa kuliko kiberiti, na rangi ikitandazwa huonekana ina nguvu zaidi. Makosa yote matatu yalikuwa yangu.

Hapa niseme neno juu ya vitabu vya Ulaya. Vyasema dirisha la kaskazini halipati jua, basi chumba chake kipewe rangi za joto. Kwetu sivyo. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, na Desemba liko kusini. Dirisha lile lile hupata jua nusu ya mwaka na kulikosa nusu nyingine. Mtu akiyafuata maneno yale hapa Tanga atapotea.

Mjomba alitwaa ule unga mwekundu utiwao katika saruji ya sakafu, akaukoroga kwa maji kidogo. Akapima rangi kikombe kimoja, akatia matone, akihesabu. Nalishangaa: nyekundu tena? Lakini nyekundu ikiwekwa kando ya kijani hukizidisha, na ikichanganywa nacho hukiua. Alipaka vipande vitatu vya ubao, akaviacha vikauke, kwani rangi ya maji ikikauka hukolea. Tukavisimamisha karibu na sakafu asubuhi, adhuhuri, na usiku. Mama akachagua cha pili. Ndipo tukachanganya makopo yote pamoja katika ndoo moja, kwa hesabu ya matone yale, ili kuta zisipishane.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Dari tulilipaka nyeupe ya maziwa, kwani nyeupe kali ingefanya kuta zionekane chafu. Milango ya mninga tuliiacha na rangi yake ya kahawia. Mapazia ya buluu mama aliyahamishia chumbani, akatundika ya rangi ya mchanga. Na juu ya makochi akaweka vitambaa vya manjano ya bizari. Taa nyeupe tuliibadili kwa ile ya nuru ya manjano.

Ule ukuta wa kwanza ulikuwa umekula lita mbili, kwa hiyo rangi ilipunguka. Nyuma ya kabati kubwa kuna kipande kilichopata mkono mmoja tu, na ukichungulia utaona kijani cha hospitali kimejificha pale. Wageni hawakukiona. Mama anakijua, na kila nifungapo mizigo kurudi shule huniuliza lini nitakimaliza.