Kutoka Kondoa Hata Dodoma: Katika Njia ya Vita vya 1916

Wengi wenu mwaijua njia itokayo Kondoa kwenda Dodoma. Siku hizi ni njia ya lami, iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 2018, na mabasi na malori hupita usiku na mchana. Lakini ni wachache wakumbukao ya kwamba mwaka wa 1916 jeshi zima lilishuka upande huu, na ya kwamba watu wa nchi hii walilipa gharama ya safari ile kwa uhai wao. Sisi wawili, mume na mke, tuliipita njia hiyo kwa pikipiki mwaka huu baada ya mavuno, nasi twapenda kuwasimulia tuliyoyaona na tuliyojifunza.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Katika ukoo wa mke wetu yuko babu wa babu aliyechukuliwa Kondoa kuwa mpagazi wa vita. Alitwishwa mzigo, akaambiwa afuate wenzake kwenda upande wa reli. Hakurudi. Kwa kuwa hakuna aliyeleta habari ya kifo chake, wazee wa siku zile walikataa kumlilia, wakisema, "Huenda yu hai." Basi wakafa wao, wakafa na watoto wao, na matanga yake hayakuanuliwa. Mke wetu alikuwa amesikia ya kwamba Dodoma yako makaburi ya watu wa vita ile, akasema, "Baba Yohana, twende tukaangalie. Tukimkosa, angalau tutakuwa tumemtafuta."

Tukaondoka alfajiri, kila mtu na kofia yake ngumu kichwani, na nyuma yetu mfuko wa chakula na kidumu cha maji. Ni kilomita zipatazo 160. Tulikwenda polepole, tukapumzika mara tatu, na kabla ya saa sita mchana tulikuwa tumekwisha kupita Mayamaya.

Sasa fikirini safari ya wale wa zamani. Mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya Waingereza, wengi wao wakiwa askari wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer, waliingia Kondoa katikati ya masika. Farasi zao walikufa kwa wingi njiani kwa maradhi na kwa mbung'o. Usiku wa tarehe 9 Mei Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck waliwashambulia pale Kondoa, wakashindwa kuwatoa. Mwishoni mwa Juni jeshi likaanza kushuka kusini, na tarehe 29 Julai likaitwaa Dodoma pamoja na reli yake. Katika jeshi lile walikuwamo hata askari wapanda pikipiki. Mke wetu aliposikia hayo alisema, "Kumbe pikipiki ya kwanza kupita huku ilikuja na bunduki!" Jambo tulilolimaliza sisi kwa nusu siku, wao walilifanya kwa mwezi mmoja hivi, katika nchi kavu wakigombania visima. Na kila gunia la unga walilokula lilichukuliwa, sehemu kubwa ya njia, juu ya vichwa vya watu.

Hao wachukuzi ndio waliokufa wengi kuliko askari. Katika vita vya Afrika ya Mashariki, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wakadiriwa kupita 90,000. Waliouawa na risasi ni wachache. Wengi waliuawa na njaa, kuhara, homa na uchovu. Jeshi lao la uchukuzi ndilo lililoacha jina la Kariakoo kule Dar es Salaam, ambako leo watu hununua nguo na mboga bila kuwaza neno hilo limetoka wapi.

Walimu nao wasidhani ya kwamba vita vile viliwapita. Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza wa Ugogo na Ukaguru, na pamoja nao walimu Waafrika wengi waliofundisha katika shule zao, wakiwadhania kuwa wapelelezi. Walimu wale walifungwa minyororo wakapelekwa Tabora, wakapigwa na kufanyishwa kazi ngumu, hata Wabelgiji walipoutwaa mji ule mwezi wa Septemba 1916.

Tulipofika Dodoma tuliuona mji mkubwa, wenye wizara za serikali, Bunge na reli mpya ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mwaka wa 2024. Mgeni asingeweza kudhani ya kwamba mji huu una kovu. Tukauliza, tukaelekezwa makaburi ya vita. Ni mahali safi palipotunzwa vizuri. Kila kaburi lina jina, kikosi na tarehe. Mke wetu alipita safu moja moja, akisoma kila jina kwa sauti ndogo, wala hakuruka hata moja. Walikuwa vijana wa mbali, nao pia walikuwa na mama zao. Lakini jina la babu halikuwamo.

Baadaye tulipata kujua sababu. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayotunza makaburi hayo, ilitoa taarifa mwezi wa Aprili 2021, ikakiri ya kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa sawasawa na Wazungu, ikaomba radhi. Ilisema ya kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Babu yetu yumo katika hesabu hiyo.

Jioni tulikaa na mzee mmoja Mgogo, mwenyeji wetu, tukamweleza tulichokitafuta. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ninyi mwatafuta mmoja. Sisi hapa tulipotelewa na vijiji." Akatusimulia habari za Mtunya, njaa kuu ya 1917 hata 1920, kama alivyosikia kwa bibi yake. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wenye nguvu za kulima. Mvua ilipokosekana, ghala zilikuwa tupu. Watu walikula mizizi na ngozi. Wengine waliweka watoto rehani kwa jirani wenye chakula. Kisha yakaja mafua makuu. Yakadiriwa ya kwamba katika Ugogo walikufa watu 30,000 hivi, yaani mmoja katika kila watano. Hao hawana hata safu moja ya mawe.

Tuliporudi Kondoa tuliwapa wazee wa ukoo habari zote. Walishauriana siku mbili. Siku ya tatu jamaa walikusanyika, wakalitaja jina la babu mbele ya watoto, wakamlilia, na matanga yakaanuliwa baada ya miaka mia moja na zaidi. Kisha mke wetu akaliandika jina hilo katika daftari la nyumbani, na chini yake akaandika: "Alichukuliwa Kondoa mwaka wa 1916. Hakurudi."

Basi, ndugu zetu, twawaomba jambo moja lililo jepesi. Kila nyumba iwe na daftari. Andikeni humo majina ya babu na bibi zenu, mahali walipozaliwa, mahali walipokufa, na kama hapajulikani, andikeni hivyo hivyo. Nanyi walimu, wapeni watoto kazi ya kuwauliza wazee habari za Mtunya na za wapagazi, wazilete shuleni zimeandikwa. Wale waliowasikia mashahidi kwa masikio yao wamebaki wachache, na kila mwaka wanapungua. Serikali kubwa zilikuwa na karani, karatasi na wino, hata hivyo hazikuandika majina ya watu wetu. Kazi hiyo imebaki kwetu, nayo yahitaji kalamu moja na jioni moja tu.