Bibi Mwenye Unga Mikononi

Siku moja nilijaza fomu ya shule ya mwanangu. Penye "kazi ya mama" niliandika: "Hana." Jioni, nikikanda unga wa chapati, niliona haya kwa nilichoandika.

Mama mpenzi, labda nawe umewahi kujibu hivyo. Basi tulitazame neno moja la Kiingereza, "lady". Wasemaji hulitumia kufungua hotuba, na huko Uingereza ni cheo cha wake wa wakubwa. Ukilisikia, unamwona bibi wa heshima asiyejua moshi wa jikoni.

Kumbe asili yake ni jikoni! Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Waingereza walisema "hlæfdige". Sehemu ya kwanza, "hlaf", ni mkate. Ya pili inatokana na mzizi wenye maana ya kukanda, uliozaa pia "dough", yaani unga uliokandwa. Bibi huyo alikuwa mkandaji wa mkate. Wala hilo halikuwa jina la dharau. Ndivyo alivyoitwa mama mwenye nyumba, mkuu wa watumishi. Karne zilivyopita neno likafupishwa, watu wakaikumbuka heshima, wakausahau unga.

Na mumewe je? Aliitwa "hlafweard", mlinzi wa mkate. Leo neno hilo ni "lord", bwana, nalo ndilo ambalo Biblia za Kiingereza hulitumia kumwita Bwana wetu. Aliyekuwa chini yake aliitwa "hlafæta", mla mkate. Nyumba nzima ilipata majina yake kutoka katika mkate mmoja. Akina baba nao wasikie: mlinzi wa mkate hauli peke yake, wala hauishilizi kilabuni.

Sisemi kila mama akae jikoni. Wengi wetu twaenda ofisini, shambani na sokoni, kisha jioni twawasha moto. Nasema tu kwamba kulisha nyumba ni kazi, tena yenye heshima ya kale. Asiidharau mtu, hata sisi wenyewe.

Mwaka uliofuata fomu ilikuja tena. Niliandika: "Mama wa nyumbani." Mwanangu akauliza kama hiyo nayo ni kazi. Sikumjibu, nilimpa donge la unga akande. Kabla halijalainika alisema, "Mama, mikono inauma."