Picha za Wazee Wetu: Amana ya Wino na Karatasi

 

Ndugu wasomaji, katika nyumba nyingi za Waislamu hapa Bariadi, na katika Simiyu yote tangu Busega hata Meatu, hamkosi sanduku au mkoba wenye picha mbili tatu nyeusi na nyeupe za wazee waliotangulia mbele ya haki. Ni picha ndogo, pembe zake zimekunjika, na nyingine zimeingia madoa. Lakini mtoto asiyemdiriki babu yake hana njia nyingine ya kuijua sura yake illa hiyo. Leo nataka kusema juu ya picha hizo: namna ya kuzichapa upya kwa printa za wino zikadumu, na namna ya kuitunza heshima ya waliomo ndani yake. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili mwenye kusikia ajihadhari.

Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipigwa picha moja tu katika umri wake, mwaka 1968, katika studio moja ya Mwanza. Amevaa kanzu nyeupe, koti jeusi na kofia iliyoshonwa kwa mkono, na mkononi ana tasbihi. Alipofariki mwaka 1991, mama aliiweka picha ile sandukuni kati ya kanga zake, wala hakumpa mtu. Mwaka 2016 akanikabidhi, akaniambia, “Mwanangu, katoe nyingine kubwa, wajukuu wapate kumwona babu yao.” Nikaipeleka katika duka moja la mjini. Haikupita nusu saa nikapewa picha kubwa inayong’aa kama kioo. Nikaitia katika fremu, nikaitundika sebuleni mkabala wa dirisha, na moyo wangu ukatulia.

Haikutimia miaka miwili, weusi wa koti ukageuka ukawa kama tope lenye ukijani, na uso ukapauka hata macho hayaonekani. Nikasema, si kitu, ile ya asili ipo. Nilipokwenda kuitafuta nikakumbuka kuwa niliiacha katika kabati la madrasa, kati ya vitabu vikuukuu. Mchwa walikuwa wamepanda ukutani, wameila upande mmoja: mkono na tasbihi vimekwenda. Uso ulisalimika kwa rehema ya Mungu tu. Amana niliyopewa na mama yangu mzazi niliipoteza nusu yake kwa uzembe, na sikujua nitamwambia nini.

Nikamwendea kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma, ambaye sasa kazi yake ni picha. “Shikamoo Maalim,” akaniamkia, akazitazama zote mbili kwa muda mrefu. Nilitaraji amlaumu yule mwenye duka, lakini hakumlaumu. Akasema, “Maalim, yule hakukudhulumu. Alichapa kama achapavyo picha za pasipoti, ambazo hutakiwa leo na kesho hazina kazi. Picha hii ilitaka kazi nyingine.” Kisha akanifundisha, na mwalimu nikawa mwanafunzi.

Picha ya zamani iliyosafishwa katika chumba cha giza haina wino hata tone. Weusi wake ni chembe za madini ya fedha zilizoshikwa katika utando wa jelatini juu ya karatasi. Ikiwa fundi aliiosha vyema akaondoa dawa zote, huweza kudumu zaidi ya miaka mia. Hivyo ndivyo zilivyotengenezwa picha za studio mashuhuri za pwani, kama Capital Art Studio ya Unguja, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Ukiitazama picha njema ya zama hizo, utaona kuwa nyeupe si karatasi tupu, wala nyeusi si giza tupu. Katika kanzu mna mikunjo, na katika kivuli cha mlango mna nakshi. Baina ya nyeusi na nyeupe mna daraja nyingi za kijivu, na uzuri wote umo humo.

Printa ya wino hufuata njia nyingine. Hurusha matone madogo kuliko unene wa unywele, maelfu kwa maelfu, yakapangana juu ya karatasi. Mwaka 1977, katika kampuni ya Canon huko Japani, chuma cha moto cha kulehemu kiligusa kwa bahati sindano iliyojaa wino, na wino ukaruka. Kutokana na hilo ikapatikana printa inayochemsha wino kwa kufumba na kufumbua. Nyingine, kama za Epson, husukuma wino kwa kipande kidogo kinachojikunja kipatapo umeme.

Shida haimo katika kurusha, imo katika wino wenyewe. Wino ni wa namna mbili. Wa kwanza huitwa dai: rangi yake imeyeyuka katika maji kama sukari katika chai. Huu ndio uliomo katika printa nyingi za matangi katika maduka yetu. Hung’aa siku ya kwanza, lakini jua na hewa huula upesi. Wa pili huitwa pigimenti: rangi yake ni chembe ngumu zinazoelea bila ya kuyeyuka, na mwanga huchelewa sana kuzishinda. Wazee wetu wa vyuoni waliijua siri hii zamani, kwani walitengeneza wino kwa masizi na gundi. Masizi ni kaboni, na kaboni hiyo hiyo ndiyo iliyomo katika wino mweusi wa pigimenti.

Kuna na shida ya pili. Printa ya kawaida, ili ipate kijivu, huchanganya buluu, nyekundu na manjano. Ikizidi moja kidogo tu, uso wa marehemu unakuwa wa kijani au wa waridi. Na kwa kuwa rangi hizo hazififii kwa mwendo mmoja, kila mwaka kijivu kinazidi kupotoka. Hayo ndiyo yaliyolipata koti la baba yangu.

Hata mabingwa walianzia hapo. Graham Nash, mwanamuziki Mwingereza anayeishi Marekani, alitaka kuchapa picha zake nyeusi na nyeupe kwa kiwango cha sanaa. Akanunua mashine iitwayo Iris, ambayo haikuundwa kwa kazi hiyo, na mwaka 1991 akafungua nyumba ya uchapaji huko California. Kazi zilipendeza, lakini wino wa mashine zile ulikuwa wa kufifia upesi. Ikabidi watu watafute wino wa kudumu. Mwaka 2005 Epson ikatoa printa zenye wino mweusi wa daraja tatu za pigimenti: mweusi, kijivu, na kijivu hafifu, pamoja na mpango maalumu wa kuchapa picha isiyo na rangi. Tangu hapo kijivu kikapatikana kwa wino wa kijivu chenyewe, na rangi nyingine zikatiwa kidogo tu.

Na karatasi je? Hapa watu wa Simiyu yafaa tusikilize. Karatasi ya bei rahisi hutokana na mbao, nayo isiposafishwa vyema hugeuka manjano kama gazeti lililoachwa juani. Karatasi bora ya picha za sanaa hutokana na pamba. Viwanda vya kale vya Ulaya, kama Hahnemühle ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1584, hutengeneza karatasi za picha za pamba tupu. Nyuzi fupi zinazobaki juu ya mbegu baada ya pamba kuchambuliwa, ambazo hazifai kusokotwa, hufaa sana kwa karatasi. Basi mkulima wa Itilima au Maswa anayepima pamba yake mnadani, ajue kuwa zao lile lile humvisha mtu, na huweza pia kuihifadhi sura ya mtu kwa wajukuu.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza, picha ya asili ipanguswe vumbi kwa brashi laini, isiguswe na maji. Iskaniwe kwa nukta 600 kwa kila inchi. Picha ya upana wa inchi 3 itakuwa na nukta 1,800, nayo yaweza kuchapwa kwa upana wa inchi 6 kwa nukta 300 kila inchi bila ya kupoteza kitu. Faili lihifadhiwe mahali pawili, si katika simu moja tu.

Pili, madoa yaondolewe kwa kompyuta kwa uchache. Fundi asimfanye mzee kijana, wala asimwekee mkono asiokuwa nao. Kijana wangu nilimwomba aurejeshe mkono wa baba na tasbihi, akakataa kwa adabu: “Maalim, nikiuchora utakuwa mkono wangu, si wake.” Nikaona haya, kwani mimi ndiye niliyemfundisha ukweli.

Tatu, kichapwe kwanza kipande kidogo cha majaribio, kitazamwe nje kwenye kivuli mchana, tena chini ya taa usiku. Kwani kijivu huweza kubadilika mwanga unapobadilika. Nne, printa ya pigimenti isikae siku nyingi bila ya kazi, hasa kiangazi chetu hiki cha vumbi, maana wino hukauka ukaziba matundu. Tano, picha ikishachapwa iachwe ikauke siku nzima kabla ya kutiwa katika fremu, na kioo kisiigusane nayo.

Printa na karatasi hizo ni ghali, wala si lazima kila nyumba iwe nazo. Familia yaweza kupeleka faili kwa fundi mwenye nazo Mwanza au Dar es Salaam. Na asiyeweza hilo, achape kwa wino wa kawaida, aiweke picha gizani, na aitunze ile ya asili. Asifanye nilivyofanya mimi. Nakala si badala ya asili.

Huenda msomaji akauliza: na hukumu ya picha katika dini? Wanavyuoni wamekhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala akaihalalisha picha ya kamera, akisema ni kuzuia kivuli alichokiumba Mungu, mfano wa sura katika kioo, wala si kuigiza kuumba. Wengine, akiwamo Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, waliikataza isipokuwa kwa dharura. Mimi si mtoa fatwa. Kila mtu amwulize mwanachuoni anayemwamini. Elimu yenyewe ya mwanga si ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, alichunguza jinsi mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuingia chumba cha giza. Na Lamu, Omar Said Bakor alikuwa Mwislamu na mpiga picha mashuhuri katikati ya mji wa wanavyuoni.

Lakini wengi hata katika walioruhusu hawapendi picha za watu zitundikwe ukutani zikatukuzwa, wala zisiwe mbele ya mwenye kusali. Na tazameni jinsi adabu ya dini na elimu ya fundi zilivyokutana: mwanga ndio adui mkubwa wa picha, na mahali pema pa kuitunza ni katika albamu au sanduku kavu, gizani. Vijana wenye kuona shaka katika picha za watu, milango iko wazi: pigeni na mchape mibuyu, majabali, mashamba ya pamba wakati wa kuchanua, na misikiti yetu. Vitu hivyo havina khitilafu, na katika nyeusi na nyeupe hupendeza mno.

Liko jambo jingine zito, nalo ni stara. Picha nyingi za masandukuni ni za mama zetu na dada zetu, walizopigwa kwa ajili ya jamaa zao tu. Picha ikipelekwa dukani, nakala hubaki katika kompyuta, na kesho yaweza kuzunguka katika simu za watu wasiojulikana. Mwenye familia asimame hapo kazi inapofanywa, na aombe faili lifutwe mbele yake. Na fundi ajue kuwa ameaminiwa. Sheria ya nchi nayo, ya mwaka 2022 juu ya ulinzi wa taarifa binafsi, inataka hivyo. Lakini Mwislamu hangoji sheria ndipo ailinde heshima ya nduguye.

Ndugu zangu, Mtume wetu ametufunza kuwa wema katika utendaji umeandikwa juu ya kila jambo. Ikiwa mchinjaji ameamrishwa kunoa kisu chake, basi anayechapa sura ya mtu aliyekufa naye anoe ujuzi wake, na anayempa kazi asitafute urahisi pekee.

Picha ya pili ilipokamilika, nilimpelekea mama, nikamkiri kosa langu. Macho yake ni mazito sasa. Akaisogeza karibu, akapitisha kidole juu ya kofia, pale mishono inapoonekana mmoja mmoja, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Kofia hii niliishona mimi.” Sikuwa nalijua hilo, katika ile picha iliyong’aa mishono haikuonekana kabisa. Akaniuliza mkono u wapi, nikamwambia umeliwa na mchwa. Akaifunga picha katika kanga, akaitia sandukuni pamoja na ile ya asili, na ufunguo akauweka mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, na atujaalie kuwa wenye kutunza amana. Wabillahi taufiki.