Merikebu Iliyolala Ngomeni

Apitaye Mariakani hakosi kuiona mizani. Malori yatokayo bandarini Mombasa husimama hapo foleni, kila moja likipimwa uzito wa shehena yake kabla ya kuendelea na safari ya bara. Lakini katika kaunti hii hii ya Kilifi, kaskazini ya Malindi, iko shehena nyingine ambayo haikupita mizani yoyote, wala haikufika ilikokuwa ikienda. Imelala chini ya maji ya Ngomeni, na huenda umri wake ukawa miaka mia tano.

Wengi wetu twaijua Ngomeni kwa uvuvi, na kwa setilaiti iitwayo Uhuru iliyorushwa kutoka bahari yake tarehe 12 Disemba 1970. Habari ya merikebu ilianza 2013, alipoizamia Bwana Caesar Bita, mtaalamu wa mambo ya kale ya chini ya bahari katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Haiko mbali: yapata mita 500 kutoka ufuoni, na kina cha mita sita tu. Matumbawe yameifunika. Wapiga mbizi walipochimba mashimo mawili waliziona mbao za ubavu na mataruma yake. Pembe za ndovu na vipande vya shaba vilikwisha tolewa.

Shehena hiyo yasema mengi. Shaba ilitakiwa sana katika masoko ya India, nao Wareno waliibeba ili warudi na pilipili. Pembe ni mali ya Afrika. Basi chombo hiki kilikuwa katika biashara ile ile ambayo wazee wetu waliifanya kwa majahazi na mitepe, wakiufuata upepo wa kusi na kaskazi, karne nyingi kabla Mreno hajatia mguu hapa.

Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na uhasama na Mombasa, alimpokea vyema akampa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Majirani waliulipia urafiki huo: Wareno waliichoma Mombasa 1505, na tena 1528. Mwaka wa 1524 da Gama alisafiri mara ya tatu kwenda India, na merikebu moja ya msafara wake, São Jorge, ikapotea karibu na Malindi. Mwenyewe alifika, akafa Cochin mwezi wa Disemba mwaka huo huo.

Je, iliyoko Ngomeni ndiyo São Jorge? Bwana Bita na mwenziwe Filipe Castro, katika makala waliyoitoa 2024, wanasema yawezekana, ila si yakini, kwani si merikebu moja tu ya Mreno iliyozama pande hizi. Jawabu limo mchangani, katika mbao na jinsi zilivyoungwa. Ndiyo maana kipande cha shaba kikiibwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, hasara si ya shilingi. Ni sawa na kurasa kung'olewa katika kitabu ambacho hakijasomwa.

Mfano mwema tunao. Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu 1697, ilichunguzwa taratibu toka 1977 hadi 1980, na vitu vilivyotolewa vikahifadhiwa humo ngomeni Mombasa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 nayo yakataza uharibifu. Lakini sheria hailali baharini. Wanaokesha huko ni wavuvi. Hao ndio wa kufundishwa na kushirikishwa, na wageni wakija kutazama, riziki ianzie kwao.

Wako watakaosema: chombo cha Mreno, chatuhusu nini? Chatuhusu. Kilizama kwetu, na pembe za bara letu zimo ndani yake. Kuhusu jina lake, Wallahu aalam. Lakini amana haingoji kujulikana jina ndipo itunzwe.