Kupima Ubichi wa Samaki wa Ziwa Nyasa

Samaki avuliwaye Liuli au Mbamba Bay, katika Wilaya ya Nyasa iliyogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012, hana budi kupandishwa milima ya Umatengo ndipo afike sokoni Mbinga. Usipa wengi huanikwa juani. Samaki wakubwa, kama mbasa, wakiuzwa wabichi hutegemea barafu au jokofu. Mnunuzi hufunua matamvua, hutazama macho na kunusa. Lakini pua huchoka, na baridi hufifisha harufu. Je, chombo kinaweza kumsaidia?

Samaki akifa, vimeng'enya vya mwili wake huanza kuivunjavunja nyama, kisha bakteria huzaana na kutoa gesi. Baridi ya jokofu haiwaui bakteria hao, bali huwachelewesha. Wataalamu hukadiria hivi: joto la Sentigredi ligawanywe kwa 10, iongezwe 1, kisha jibu lizidishwe kwa lenyewe. Katika nyuzi 5, samaki huharibika mara 2.25 kuliko katika nyuzi 0; katika nyuzi 10, mara 4. Basi siku moja ya jokofu lenye nyuzi 10 ni sawa na siku nne za barafu. Kwa hiyo kihisi cha kwanza chenye manufaa ni kipimajoto kinachoweka kumbukumbu safari nzima.

Kihisi cha pili hutumia umeme. Katika miaka ya 1970, kituo cha utafiti cha Torry, Aberdeen, Uskoti, kilitengeneza chombo kinachobandikwa kwenye ngozi ya samaki. Kadiri tando za seli zinavyobomoka, ndivyo tabia za umeme za mwili zinavyobadilika. Hata hivyo, chombo hicho hakifai kwa samaki aliyegandishwa kisha akayeyushwa, kwa sababu mgando nao hupasua seli.

Kihisi cha tatu hunusa. Ndani yake mna oksidi ya metali iliyopashwa moto, ambayo elektroni zake hushikwa na oksijeni ya hewani. Gesi za uozo zikiiondoa oksijeni hiyo, elektroni huachiliwa na ukinzani wa umeme hupungua.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Harufu kali ya samaki wa baharini hutokana hasa na trimethilamini, ambayo bakteria huitengeneza kutokana na kemikali iliyomo kwa wingi katika nyama ya samaki hao. Samaki wa maji baridi wana kemikali hiyo kidogo sana. Kihisi kilichosawazishwa kwa samaki wa bahari chaweza kumwita mbasa aliyeoza kuwa ni mbichi, na mlaji akadhurika.

Kwa sababu hiyo, kabla ya chombo kuaminiwa Mbinga, yapasa kijaribiwe kwa samaki wa ziwa lenyewe, siku baada ya siku katika barafu, huku watu waliozoea samaki hao wakiwanusa na kuwatazama. Namba ya chombo hupata maana yake kutokana na ulinganisho huo.