Usomaji wa Biblia Unapokwama kwenye Mambo ya Walawi

Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Anayetaka kuimaliza kwa mwaka mmoja lazima asome sura tatu na kidogo kila siku, na Januari jambo hilo halimshindi mtu. Habari za Abrahamu, Yakobo na Yusufu zinamvuta msomaji zenyewe. Mwezi unapokaribia kuisha anafika Kutoka 25, anakutana na vipimo vya hema, mbao na vitanzi vya mapazia, na akivuka hapo anapokelewa na sadaka za Mambo ya Walawi. Wengi huishia hapo.

Wanaonijia na tatizo hili hujilaumu kwamba imani yao imepoa. Mara nyingi haijapoa. Wameelemewa na viporo. Mtu amekuwa msibani siku nne, anarudi akiwa na sura 13 alizoziruka, na za leo bado zinamsubiri. Anaahidi kuzimaliza Jumamosi, lakini Jumamosi ina kufua, kwenda sokoni na mazoezi ya kwaya. Mwishowe anaikwepa Biblia kama anayedaiwa dukani anavyozunguka uchochoro wa nyuma ili muuzaji asimwone. Ushauri wangu ni kwamba deni hilo lifutwe lote. Soma sura ya leo.

Ushauri huo una ushahidi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijenga tabia moja mpya ya kila siku. Tabia ilichukua kati ya siku 18 na 254 kuzoeleka, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kila mmoja alikuwa amekifunga kitendo chake kwenye jambo analolifanya tayari, kama kifungua kinywa. Ndiyo maana “nitasoma asubuhi” ni azimio legelege. Sema: nikishabandika maji ya chai, nafungua Biblia, na nasoma hadi yachemke.

Hata Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee, Scotland, aliyewaandalia washarika wake ratiba ya mwaka mzima mwishoni mwa 1842, aliwatahadharisha kuhusu ratiba yenyewe: inaweza kuzaa usomaji wa mazoea, kujihesabia haki, na kwa wengine ikawa nira nzito. Ratiba hiyo inatumika mpaka leo. Natamani tahadhari zake nazo zingesomwa.

Na Walawi? Usikiruke, kipunguzie mwendo. Chukua sura ya 13 peke yake, siku nzima. Kuhani anakagua doa kwenye ngozi, anaangalia kama nywele zimegeuka nyeupe, anamtenga mtu siku saba, anamkagua tena. Akithibitisha ukoma, mtu huyo atavaa nguo zilizoraruliwa, atapaza sauti kwamba ni najisi, na atakaa peke yake nje ya kambi. Kesho yake soma mwisho wa Marko 1. Mwenye ukoma anamjia Yesu, naye anamgusa kabla hajamtakasa, kisha anamtuma kwa kuhani kama Musa alivyoagiza. Mwishoni aliyeponywa anazunguka akitangaza habari zake, na Yesu ndiye anayelazimika kukaa nje ya miji. Mkono ule ulionyooshwa una uzito mwingine kabisa kwa aliyetoka kusoma Walawi jana yake.

Wapo ambao hawakushindwa na ratiba. Wamefiwa, au wameomba muda mrefu bila kuona jibu, na kila ukurasa wanaoufungua unawaumiza. Hao siwapi sura tatu. Nawaelekeza Zaburi ya 88: mwombaji analia mchana na usiku, na zaburi inaisha bila faraja yoyote, wala hakuna aliyeona vema kuiondoa katika Maandiko. Isomwe kwa sauti, hiyohiyo, siku kadhaa mfululizo, na ikiwezekana awepo mtu wa kusoma naye.