Jahazi Kabla ya Safari

Jahazi haliendi safari ya mbali kwa tanga pekee. Likizo iliyopita hapa Lamu tulilipandisha la ami yangu ufuoni wakati wa bamvua. Tukatia kalafati, yaani pamba yenye mafuta, kati ya mbao. Juu tulipaka sifa, mafuta ya samaki. Chini deheni ya shahamu na chokaa, wadudu wasitoboe.

Mimi nilikimbiza ufa mmoja ili nikacheze mpira. Ami akachomoa pamba yangu kwa kidole. "Hapa wataka kumzamisha nani, mwanangu?" Niliona haya, nikarudia wote.

Baharia naye hujiandaa: maji ya kunywa, chakula na subira. Kusi humpeleka kaskazini, Kaskazi humrudisha.

Wenzangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na baharini ukuta haujengwi!